Jiwe Lililotembea Nyuma ya Jiko

Jumamosi iliyopita nilitumwa samaki Kigongo, na kabla sijawaona samaki nikamwona Kabula. Alikuwa amesimama pale yalipokuwa yakipanga foleni magari ya kivuko kabla daraja halijaanza kuyapitisha juu kwa juu, ameshika mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na kwa jinsi alivyonitazama nilijua hatanisalimia. Hatukuwa tumeonana tangu kidato cha tatu. Sasa hivi mimi nasubiri kuingia cha sita, nina ndevu saba ambazo nimezihesabu mwenyewe, na shuleni najulikana kama mtu asiyekosa la kusema. Mbele ya Kabula nililikosa. Nikasema tu, "Mambo." Yeye akanyoosha kidole kwenye mashine ya kusaga iliyo nyuma ya vibanda. "Mama Kulwa anakaa pale nyuma. Nakwenda kumwona. Miaka miwili namtembelea, Deus, na bado hajui mlikuwa mnasema nini siku ile. Mimi simwambii. Wa kumwambia ni wewe." Halafu akaanza kutembea, na miguu yangu, bila kuniuliza, ikamfuata.

Kumbukumbu za maisha huandikwa na watu wenye mvi, waliokwisha kuzika wenzao na kujenga nyumba. Mimi nyumba sina, mvi sina, ila mwaka mmoja wa kusimulia, ule wa kidato cha tatu, ninao, na nikisubiri hadi nizeeke nitakuwa nimeshauremba mpaka nionekane mtu mwema. Bora niuandike sasa. Shule yetu ilikuwa ya bweni, imekaa juu ya ziwa upande wa Nyegezi, na anayeijua Mwanza anajua kwamba nikisema imekaa maana yake imejibanza. Mawe yalitangulia. Majengo yakaja baadaye, yakajipenyeza pale mawe yalipoacha nafasi. Bweni la wavulana lilikuwa na jiwe limeziba nusu ya dirisha, maktaba ilikuwa na jiwe ndani kwa ndani ambalo tulilikalia kama kochi, na jiko lilijengwa chini kabisa ya mteremko, na nyuma yake kulikuwa na jiwe lenye ukubwa wa bajaji, limejikalia juu ya vijiwe vidogo kama kuku anayeatamia. Hakuna aliyeyaona yale mawe. Ukiishi nayo unayasahau, kama unavyosahau kwamba una pua.

Mwalimu Magesa, mtu wa Mara, mrefu, mwenye mashati yaliyopigwa pasi hadi yanakaribia kukata mtu, alikuwa akitufundisha Kiingereza. Aliamini kwa moyo wote kwamba kinachotuangusha kwenye mtihani wa taifa ni makosa yale yale machache, na kwamba kosa likichekwa mara moja hadharani halirudi tena. Akachukua sanduku la mbao lililowahi kuwa la chaki, akalitoboa tundu juu, akalifunga kwa kufuli na kuliweka nje ya ofisi ya walimu. Ukimsikia mwenzako amekosea Kiingereza, uliandika sentensi yake kama ilivyotoka, ukaandika na jina lake, ukatumbukiza. Jina lako hukuandika. Kiswahili chenyewe kilikuwa marufuku kuanzia kengele ya asubuhi hadi ya jioni. Ukikutwa nacho unavalishwa kibao shingoni na kufyeka nyasi wiki nzima. Na ukiwa na shida ya ofisini, ulisimama mlangoni ukaitamka kwa Kiingereza, na ikipinda ulirudishwa nje uende kuinyoosha kwanza. Nimemshuhudia mtoto wa kidato cha kwanza akirudishwa mara tatu, kumbe anataka kusema tu kwamba anasikia kutapika. Mara ya nne hakuhitaji kusema.

Ijumaa asubuhi, paredini, sanduku lilifunguliwa, na msomaji nilikuwa mimi. Mwalimu alinichagua kwa sababu nilikuwa na jicho. Nipe ukurasa mzima, kosa linaniita lenyewe kama nzi kwenye maziwa. He did not went. Me I am having two brothers. We discussed about the matter. The people is many. Nilizisoma kwa sauti ya mwenyewe, nikiiga anavyosimama, anavyojikuna, anavyotafuta neno angani, na mwenye sentensi akatoka mbele akasimama karibu yangu huku shule nzima ikijikunja kwa kicheko. Kisha kosa likatafutwa, likapatikana, na sentensi ikishanyooka tuliitamka wote kwa pamoja mara tatu. Huo ndio ulikuwa utaratibu, mara tatu, mpaka ndege wanaruka kwenye mawe. Waliniita Kalamu Nyekundu. Nilitembea kama mtu anayelipwa.

Mama Kulwa ndiye aliyekuwa akitupikia. Mwanamke wa Kisukuma, mfupi, mwenye mwiko mrefu karibu kumzidi, na Kiingereza hakukijua hata cha kuombea maji. Jikoni tulikatazwa kukanyaga kwa kuwa walimu waliamini ndiko Kiswahili kilikojificha, na kweli ndiko kilikokuwa. Mimi nilizunguka kwa nyuma kila siku baada ya chakula cha mchana, nikaketi nimeliegemea lile jiwe, na kupitia dirishani nikampa umbea wa shule, naye akanipa ukoko wa ugali uliochovywa kwenye mchuzi wa dagaa. Sijakula kitu kitamu kama ule ukoko tangu hapo, na nimekula harusi tatu. Kwa malipo nilimfundisha maneno mawili. Nilimwambia mwalimu yeyote akija kulalamika kwamba maharage hayajaiva, wewe mjibu "No comment." Akayafanyia mazoezi siku mbili juu ya sufuria. Siku ya tatu akaja mkuu wa shule mwenyewe na sahani yake mkononi. Mama Kulwa akaweka mwiko begani, akamjibu, na mkuu akatazama sahani, akatazama mwiko, akaondoka. Tangu siku hiyo Mama Kulwa aliniheshimu kama daktari. Paredi ilikuwa mbele ya jiko pale pale, kwa hiyo Ijumaa tulipozipaza zile sentensi, Mama Kulwa alitupigia sufuria kwa mwiko, du, du, du, kutufuatisha. Aliniambia anazipenda sana nyimbo zetu za Ijumaa. Sikumsahihisha. Niliona ni kichekesho kizuri nikakihifadhi.

Kabula alihamia kwetu mwanzo wa mwaka ule akitokea ng'ambo ya maji, upande wa Busisi, kwa watu wavuvi. Hesabu alikuwa anazimeza. Ila kinywani mwake r na l zilibadilishana zamu zilivyotaka, na Kiingereza alikuwa amekifahamu kwa macho tu, hajawahi kukisema na mtu. Kufikia mwezi wa nne alishatoka mbele mara tano, na karatasi tatu kati ya hizo niliandika mimi, kwa sababu alikaa dawati la mbele yangu na alikuwa mgodi. Baada ya mara ya tano akaacha kusema. Kiingereza kilimtisha, Kiswahili kilikatazwa, kikabaki kichwa cha kutikisa. Tulimwita Bubu. Nisiseme tulimwita, nilimwita, wengine wakafuata.

Wiki ile ya masika alikuwa zamu ya kukusanya kuni nyuma ya jiko, na yeye, ambaye hakuwa ameizoea shule kiasi cha kuacha kuitazama, akaona kijiwe kimoja cha chini kimetoka, kimetemwa kama jino, na udongo mpya umefunguka pembeni. Akachomeka kijiti kati ya jiwe kubwa na jabali la jirani, kikabana vizuri. Kesho yake nafasi imepanuka, kijiti kimeanguka chini. Akachomeka kingine kirefu zaidi. Nacho kikaanguka. Haya yote niliyajua baadaye. Nilichokijua siku hiyo ya Jumatano ni kwamba Bubu alikwenda ofisini, akafika neno la pili, akarudishwa. Halafu akaja kwangu darasani wakati wa mapumziko, nikiwa nimekaa juu ya dawati nikiwachekesha watu, akanipa kipande cha karatasi alichokichana katikati ya daftari la hesabu. "Check," akasema. Neno moja tu, amelichagua lisilo na r wala l. Kwenye karatasi alikuwa ameandika, kwa mwandiko wake ule wa kubana: The stone of back of kitchen it is walking. Every day it walk small.

Naomba mtu anisaidie kuelewa jinsi kichwa changu kilivyofanya kazi pale, maana mimi mwenyewe nikikikumbuka nashtuka. Nilikuwa nimekula nimeliegemea jiwe lile siku moja kabla. Nililijua kwa mgongo. Nikazisoma sentensi zile zote mbili, neno kwa neno, na sikuona jiwe. Niliona kosa la kwanza, la pili, la tatu, la nne, kabla hajaondoa mkono wake kwenye karatasi. Walking. Jiwe linatembea. Nilicheka hadi nikateleza kwenye dawati. Nikamwambia nitamrudishia kesho imenyooka, akatikisa kichwa kukubali, akaenda kukaa. Nilichokifanya ni kuandika jina lake chini na kwenda kutumbukiza sandukuni. Alhamisi mchana nikazunguka nyuma kama kawaida, nikapewa ukoko wangu, nikaula nimeegemea pale pale. Kulikuwa na kijiti chini, karibu na kiatu changu. Nilikiokota nikatolea dagaa kwenye meno.

Ijumaa nilikuwa moto. Nimesoma sentensi nyingi mwaka ule lakini ile niliichezea kama ngoma. Nililivalisha jiwe viatu, nikalipa mkoba, nikalishusha hadi Nyamagana kununua vitenge, likakosana na konda, likarudi kwa miguu. Na nilipofika kwenye "every day it walk small" nikaliiga linavyonyata kwa vidole, na mkuu wa shule akatoa kitambaa akafuta machozi ya kicheko. Mwalimu Magesa naye alishindwa kujizuia. Akainua mikono kama mwongoza kwaya, akatuuliza makosa, tukayataja, akatupa sentensi iliyonyooka, na shule nzima, wanafunzi na walimu, tukaipaza kuelekea jikoni kwa sababu ndiko tulikoelekea: The stone behind the kitchen is moving. It moves a little every day. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu. Na Mama Kulwa, ndani mle, du, du, du. Kitu kimoja tu kiliniharibia raha. Kabula hakulia. Siku nyingine alitazama viatu, lakini siku ile alisimama wima, anatutazama mmoja mmoja, uso umelegea kama mtu aliyetua ndoo. Nilikasirika. Nilidhani amenizoea.

Jumamosi mvua haikukatika. Jumapili baada ya ibada jua lilitoka, tukakaa juu ya mawe ya ufukweni tukianika mashuka, na mimi nilikuwa katikati ya hadithi fulani ya uongo niliposikia. Nilidhani jiwe la namna ile likianguka litanguruma. Halikunguruma. Lilitoa sauti kama mtu mzito anayekaa kwenye kiti, kisha sauti ya matofali, kisha masufuria mengi kwa pamoja, na baada ya hapo kimya. Tulikimbia. Ukuta wa nyuma haukuwepo. Dirisha langu halikuwepo. Jiwe lilikuwa limeingia jikoni, limetulia juu ya mafiga kama vile ndiko lilikotaka kufika siku zote, na Mama Kulwa, aliyekuwa peke yake akiosha vyombo, alikuwa amelala ubavu, mguu mmoja hauonekani. Hakupiga kelele. Alikuwa akiuliza kwa sauti ndogo kama maharage yamemwagika. Wavulana wa kidato cha nne walileta mbao na vyuma wakainua, gari la mwalimu mmoja likampeleka hospitali, na siku mbili baadaye tukaambiwa kwamba yeye yuko hai, mguu haupo, umekatwa chini ya goti. Siku ile ya Jumapili mimi nilibaki nimesimama kwenye uwazi wa ukuta. Kwa sababu sentensi ilikuwa imeanza kusema kichwani mwangu, safi, bila kosa hata moja, na kwa mara ya kwanza nikaisikia.

Jioni ile Mwalimu Magesa alinikuta kwenye ngazi za maktaba. Shati lake lilikuwa na matope hadi kifuani. Mkononi alikuwa na kile kipande cha karatasi ya hesabu. Sijui alikwenda kukitafuta saa ngapi. Akakaa karibu yangu, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, akaniuliza, "Uliielewa?" Kwa Kiswahili. Nilishtuka kuliko kama angenipiga. Sikujua hata sauti yake ya Kiswahili ikoje. Ilikuwa ya upole, ya mtu wa ziwani. Nikamjibu kwa Kiingereza, kwa hofu ya mazoea, kwamba niliisahihisha. Akatikisa kichwa. "Na mimi," akasema. Akaikunja ile karatasi akaiweka mfukoni, na Ijumaa iliyofuata sanduku halikuwepo, wala hakuna aliyeuliza limekwenda wapi. Mpishi mwingine aliletwa, akapika nje chini ya turubai. Kabula aliondoka mwisho wa muhula bila kumuaga mtu. Mimi nilibaki nikaendelea kuchekesha watu, maana watu walizoea nichekeshe, na hospitali sikwenda, na baadaye nyumbani kwa Mama Kulwa sikwenda, na kila mwezi nilikuwa na sababu nzuri, imenyooka, haina kosa.

Yote hayo niliyapitia kichwani Jumamosi kati ya foleni ya zamani ya kivuko na mashine ya kusaga, mwendo wa dakika tano. Nilimuuliza Kabula jambo moja lililokuwa limenikwama. Kwa nini kuanzia Ijumaa hadi Jumapili hakumwambia Mama Kulwa yeye mwenyewe? Angeweza kuchungulia dirishani akasema kwa Kiswahili, akavaa kibao, basi. Alisimama. Alinitazama kama vile mimi ndiye nilikuwa nimesema kitu kisichoeleweka. "Nilidhani mmesikia," akasema. "Shule nzima mlilitaja, na mkuu wa shule yumo, mara tatu. Nikajua sasa wanajua, watamtoa. Nilikaa darasani nasubiri mwende kutazama. Mkaingia kipindi cha jiografia." Mfukoni nilikuwa na simu, na ndani ya simu kulikuwa na ujumbe wa kumwomba radhi ambao nimekuwa nikiuandika na kuufuta tangu kidato cha nne. Sikumwonyesha. Nilimwambia tu kwamba karatasi sandukuni niliweka mimi. Akasema anajua, mwandiko wa jina lake ulikuwa wangu, na akaendelea kutembea.

Chumba cha Mama Kulwa kina mlango wa bati na unga wa mashine umetua juu ya kila kitu, mpaka kwenye majani ya nyanya alizopanda kwenye makopo. Alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya karai la mafuta, anakaanga sato, magongo mawili yameegemea ukuta. Nilimwamkia shikamoo nikiwa bado nje, akaitikia marahaba bila kugeuka, kisha akageuka. "Daktari wangu," akasema. "Umeota ndevu." Akacheka kile kicheko chake chote, akamwambia Kabula atoe stuli, akamimina michembe kwenye sahani na karanga juu yake, na kabla sijakaa vizuri akaanza kunisimulia kwamba wateja tangu daraja lianze wamepungua, waliobaki wanalalamika samaki ni wadogo, na yeye anawajibu yale maneno mawili niliyomfundisha, nao wanalipa. Nilitafuna mchembe mmoja muda mrefu sana. Kabula aliketi mlangoni, kisogo kwetu, anatazama nje. Chumba kilikuwa na kitanda, ndoo mbili za maji, kalenda ya parokia, na kwenye ukuta, kwenye msumari, ule mwiko mrefu wa shule.

Nikamuuliza kama anakumbuka Ijumaa ya mwisho kabla ya jiwe. Akasema anakumbuka, ndiyo siku tuliyoimba vizuri kuliko zote, mpaka mkono ukamuuma kwa kupiga sufuria. Nikamwambia, "Haikuwa wimbo, Mama." Alikuwa anageuza samaki. Nikasema, "Kabula aliona jiwe likisogea. Aliliandika kwa Kiingereza akanipa mimi. Mimi nikalifanya mchezo. Tulichokuwa tunasema wote, kwa sauti ile, ni kwamba jiwe la nyuma ya jiko linasogea, na kila siku linasogea kidogo."

Mafuta yaliendelea kulia peke yake. Alimtoa samaki mmoja, akamtikisa, akamweka kwenye sahani, akamrudia mwingine. Nilisubiri anitukane, niliutamani ule mwiko wa ukutani unishukie.

"Mara tatu?" akauliza.

"Mara tatu."

"Na mimi nawapigia sufuria."

Nikasema ndiyo. Akautazama mwiko, akamtazama Kabula pale mlangoni, halafu akanitazama mimi, na usoni hakuwa na hasira. Alikuwa anashangaa tu, anashangaa kweli kweli, kama mtu aliyeonyeshwa mlango ulipokuwa siku zote.

"Si mngeniita, mwanangu," akasema. "Mama Kulwa, toka. Ningetoka."